Picha ya Harusi Iliyokataa Kutoka Stoo

Picha ya harusi ya mwenzetu tuliifuta mara tatu, na stoo ikabaki na uzito ule ule. Mara ya tatu uzito uliongezeka kidogo.

Stoo yenyewe haikuwa chumba. Ilikuwa nafasi ndani ya kompyuta ya kampuni moja ya mjini, ambayo ofisi yetu ya Kinondoni ilipangishiwa miaka ya tisini ikielekea ukingoni. Tulikuwa watatu na bosi, juu ya duka la vitenge, tukiandika programu ya kutunza kadi za kliniki za wajawazito. Kila badiliko tulilituma mjini kwa waya wa simu, na stoo ikalihifadhi pamoja na jina la aliyelifanya, siku na saa. Kilichokuwepo kabla ya badiliko hakikutupwa. Ukitaka kujua mstari fulani aliuandika nani miezi minane nyuma, stoo ilikujibu.

Kwangu huo ulikuwa urahisi tu. Kwa dada mmoja aliyetoka Mtwara ilikuwa riziki yake. Alikuwa kibarua mwaka wa pili, na sehemu kubwa ya programu ilitoka mikononi mwake. Bosi alikuwa ametangaza kwamba ataajiri mmoja tu, yeye au mwenzetu wa tatu, braza wa Mbagala, na kwa kuwa hakujua kusoma programu, aliamini kazi ni ya braza, aliyeielezea vizuri mbele ya wageni. Shahidi wa dada alikuwa stoo. Mwisho wa mwezi angechapisha orodha ya mabadiliko yote na kuiweka mezani kwa bosi.

Jumatatu simu ikaita kutoka mjini. Mzee aliyesimamia kompyuta ile, mtu wa Pwani asiyepandisha sauti hata akiudhika, aliniambia tumepewa megabaiti ishirini na tumefika thelathini na moja.

"Mpaka Jumamosi saa sita mchana muwe mmepungua. La sivyo nitapunguza mie, na mie sichagui."

Sikushangaa sana. Ulikuwa wakati wa mgao wa umeme, na kompyuta ya mjini ilikuwa na jenereta. Kwa hiyo kila mtu alitumbukiza humo alichoogopa kukipoteza: barua za maombi, kadi za mwaliko, orodha ya kamati ya harusi. Mimi mwenyewe nilikuwa na ratiba ya arobaini ya shangazi yangu. Lakini mzigo mkubwa ulikuwa picha ya braza na mkewe. Shela ilitoka ya kijivu, akairekebisha mara mbili, na kila mara akaituma upya.

Tukaifuta. Nikampigia mzee.

"Shikamoo. Tumeshafuta."

"Marahaba. Naona. Uzito ni ule ule."

"Kivipi, na picha haipo?"

"Haipo mezani, mwanangu. Kabatini zimo zote tatu. Si nyie mlitaka stoo isiyosahau?"

Tulifuta tena kwa njia nyingine, na tena, kama watu wanaobonyeza swichi wakati wa mgao. Stoo ikaandika kila ufutaji kuwa badiliko jipya. Ndipo uzito ulipoongezeka.

Bosi akachoka. "Anzeni upya. Chukueni programu ilivyo leo, ya nyuma yatupwe."

"Mie naona poa," braza akasema.

Dada hakuinua kichwa. "Utaachaje kuona poa, na huko nyuma jina lako ni la kutafuta?"

Nikarudi kwa mzee, nikambembeleza. Akakubali kuingia kabatini mwenyewe na kung'oa yasiyo ya kazi, kwa masharti mawili. Tumletee orodha ya vya kung'olewa, jina moja moja. Halafu kila mmoja wetu afute nakala iliyo kwenye kompyuta yake na kuchukua mpya, kwa sababu mwenye nakala ya zamani anaweza kurudisha takataka zile zile. Orodha ilituchukua siku mbili, maana simu tulichangia na mama wa vitenge, naye alinyanyua mkono wa simu katikati ya kazi, na mawasiliano yakakatika. Alhamisi dada alikwenda mjini na kunakili historia yote ya kazi, imebanwa sehemu sehemu, kwenye disketi kumi na moja, kwa tahadhari.

Ijumaa mchana mzee aling'oa. Tulishuka hadi kumi na tisa. Dada akanunua soda nne.

Jumamosi saa tatu asubuhi mzee akapiga. "Ishirini na tatu," akasema, akakata.

Nikamgeukia braza.

"Jana jioni niliona picha haimo stoo," akasema, "nikajua mitambo imekula. Nikairudisha. Ile ndo kopi pekee niliyonayo."

"Si tulikwambia ufute ya kwako?"

"Nilifuta ya kazi. Ya harusi si ya kazi."

Dada alicheka kicheko kifupi, kisha akatoka nje kwenye ngazi. Nilijaribu kumpigia mzee nimweleze, lakini mama wa vitenge alikuwa hewani na mtu wa mzigo wake bandarini. Nilishuka kumwomba, akaniinulia kiganja. Alimaliza saa sita na nusu.

"Nimeshapunguza," mzee akaniambia. "Nimewabakishia ya leo. Ya nyuma nimetoa."

Picha ya harusi, kwa kuwa ilirudishwa jana yake, ilihesabika kuwa ya leo. Ikabaki.

Tukabaki na disketi. Kumi zilisomeka. Ya saba, iliyobeba sehemu ya kadi za kliniki ambayo dada aliiandika peke yake, ilikwaruza ndani ya mashine na kugoma. Tulijaribu kompyuta zetu zote, tukajaribu ya mzee mjini. Orodha aliyoichapisha dada kutoka zile kumi ilionyesha kazi zake ndogo ndogo, na kazi za braza za namna hiyo hiyo. Kwenye karatasi walikaribia kulingana.

Bosi aliisoma, akaikunja. "Nitasubiri hiyo ya saba," akasema, "ndipo niandike barua ya ajira."

Niliondoka ofisi ile baada ya miezi mitano. Disketi ilikuwa bado kwenye mkoba wa dada, ndani ya mfuko wa nailoni, na barua ilikuwa haijaandikwa kwa yeyote kati yao.