Nafasi ya Mtu wa Tano

Majuzi binti yangu alichagua hoteli ya likizo yetu akiwa amesimama jikoni, mkono mmoja umeshika mkate, mwingine simu. Alipitisha kidole gumba juu ya picha, akapitisha tena, akaniuliza kwa Kiingereza kama napenda bwawa la ndani au la nje, na kabla sijameza chai iliyokuwa kinywani akasema basi, tayari. Nikamwambia vyema. Kisha nikageukia sinki nikajifanya naosha vikombe, maana machozi yalikuwa yamenijia na sikutaka aniulize ni ya nini.

Nyumbani kwa wazazi wangu, rafiki yangu, jambo hilo hilo lilituchukua majira ya baridi yote.

Tulikaa Savage, mji mdogo wa Minnesota, Marekani, kusini mwa mto, katika fleti ya ghorofa ya pili. Kule chini kando ya maji yalisimama maghala marefu ya nafaka, na treni zilikokota mabehewa kwenda huko mchana kutwa, hata sufuria zikawa zinatetemeka kidogo kwenye rafu. Miaka ya tisini ilikuwa bado michanga. Baba alikuwa amemaliza masomo yake ya chuo kikuu Minneapolis na kupata kazi ya ofisi Eden Prairie. Mama aliogesha na kulisha wazee katika makao ya wazee huko huko. Gari lilikuwa moja, kwa hivyo kila jioni baba alitupitia mimi na ndugu yangu mdogo, tukaenda kumngoja mama nje ya kazi yake, injini ikinguruma ili tusigande. Kazi yangu ilikuwa kukwangua barafu kwenye vioo. Mpaka leo nikisikia plastiki ikikwaruza kioo, vidole vyangu hupata baridi.

Baada ya kupata kazi ile, baba alituahidi Florida. Likizo ya shule ya Machi tungekwenda kwenye bustani kubwa ya michezo, ile yenye kasri, ambayo watoto wa darasani kwetu waliizungumzia kama watu waliotoka Makka. Mwanzoni baba alikuwa ameuliza kwa nini tuende mbali hivyo, na bembea zimejaa ndani ya lile duka kubwa la Bloomington. Lakini mama alisema tunakwenda, na alisema kwa sauti ambayo hatukuizoea.

Ofisi moja ya safari kule Burnsville ilitupa vijitabu vya picha na kanda ya video. Jumamosi mama alipokaanga mandazi, sisi tulikaa sakafuni tukiitazama kanda ile huku nyumba nzima ikinuka iliki na mafuta ya moto. Hoteli zilipita moja baada ya nyingine. Ndugu yangu aliipenda ile ndefu ambayo garimoshi lilipita katikati yake, ndani kabisa, juu ya watu wanaokula. Nami niliipenda kwa sababu yeye aliipenda. Baba naye aliitaka hiyo hiyo, au moteli yoyote ya nje ya lango, mradi chumba kiwe na vitanda viwili vikubwa, kimoja chao, kimoja chetu. Tukibishana sana alitutupia methali, mchagua jembe si mkulima, nasi tukacheka bila kujua maana.

Mama peke yake alitaka nyumba za magogo. Zilikuwa msituni, kati ya misonobari, mbali na kasri, na kwenye kanda zilionyeshwa kwa muda mfupi tu. Ndani mlikuwa na jiko dogo, kitanda cha wakubwa, kitanda cha dabodeka kama vya bweni, na chini ya dirisha kitanda kingine, chembamba, kimetandikwa shuka la bluu. Mama alitoka jikoni kila picha ile ilipokaribia. Alisimama mlangoni, unga mikononi, akaitazama, akarudi kwenye mafuta yake.

Baba alimwambia nyumba ile ni kubwa mno kwetu. Mama akasema watoto wanahitaji kila mmoja kitanda chake. Baba akasema watoto wana dabodeka, kile cha tatu ni cha nani. Mama aliyageuza mandazi, ingawa hayakuwa yameiva upande wa chini.

Siku nyingine nilimsikia akizungumza na ofisi ya safari kwa simu, kwa Kiingereza chake cha kazini, taratibu na kwa adabu. Aliulizwa tuko wangapi. Akasema watano. Baba aliinuka kwenye kochi, akauchukua mkono wa simu kutoka kwake bila kuunyakua, akasema samahani, ni wanne, akaagana. Kisha wakasimama pale, yeye na mama, kila mmoja akitazama ukuta wake. Nilihesabu kimya kimya, baba, mama, mimi, ndugu yangu. Nikadhani mama amechoka tu. Lakini tangu siku hiyo niliingiwa na hisia kwamba kuna mtu nyumbani kwetu ambaye kila mara ndiyo kwanza ametoka chumbani ninapoingia.

Jumapili alasiri Wakenya wenzetu walikutana katika chumba cha chini cha kanisa moja Saint Paul. Baada ya ibada palikuwa na chapati, mchuzi wa maharagwe na chai ya maziwa kwenye birika kubwa la umeme, na akina mama waliosuka watoto nywele huku wakisimuliana habari za kazi. Mama mmoja, mgeni, aliyekuwa amefika Minnesota karibuni, alinikalisha kati ya magoti yake. Aliniuliza naitwa nani, na jina hilo nimelitoa wapi. Nikamwambia ni la nyanya mzaa mama.

“Kumbe wewe ni wa pili,” akasema. “Na dada yako mkubwa yuko wapi, mbona simwoni?”

Nilimjibu kwamba mimi ndiye wa kwanza. Akacheka kidogo, akaniambia kwamba kwetu Murang'a binti wa kwanza hupewa jina la nyanya mzaa baba, na wa pili ndiye hupewa la mzaa mama, na hakuna mtu anayeruka. Halafu ghafla vidole vyake vikasimama kichwani mwangu. Nafikiri alikuwa amemwona mama upande wa pili wa meza, na mama alikuwa amesikia. Aliumaliza mstari ule upesi, akaanza kunisifia nywele.

Nilimwuliza mama siku iliyofuata, akikanda unga wa chapati. Hakukana. Aliendelea kuukanda mpaka ukawa laini kupita kiasi, akaufunika kwa kitambaa, akasema, “Muulize baba yako.”

Nilimwuliza baba kwenye gari, tukimngoja mama. Ndugu yangu alikuwa amelala kiti cha nyuma, mdomo wazi. Theluji ilianguka wima, bila upepo, na taa za makao ya wazee zilikuwa zimewaka ingawa jua lilikuwa halijatua. Baba alizima wipa. Kioo kikaanza kufunikwa polepole, mpaka tukawa kama watu walio ndani ya yai.

Aliniambia nilikuwa na dada. Walipopata nafasi ya kuja kusoma walimwacha kwa nyanya, yule ambaye alibeba jina lake, akiwa ndiyo kwanza anaanza kutamka maneno vizuri. Walidhani ni kwa mwaka mmoja. Karatasi zake zilikawia, zikarudishwa, zikakawia tena. Kila walipompigia simu, mama alimsimulia juu ya kasri aliloliona kwenye televisheni, akamwahidi kumpeleka, naye akauliza kama ng'ombe wa nyanya wataruhusiwa. Kisha ikaja baridi ya Julai kule kwetu, na nimonia. Habari ilipofika, huku kilikuwa kiangazi, watoto wa jirani wakirushiana maji uani. Mama alikuwa na mimba yangu. Hawakwenda kumzika, kwa sababu viza zao zilikuwa za kuingilia mara moja, na wakitoka hawakuwa na hakika ya kurudi.

“Tukakubaliana tunyamaze mpaka iishe,” baba akasema. “Haikuisha.”

Nilimwuliza kama kile kitanda cha chini ya dirisha ni chake. Akaitika kwa kichwa.

“Mama yako anataka awe na mahali pake. Mimi siwezi kulala chumba kimoja na kitanda kitupu. Hayo tu ndiyo tunayogombania, mama. Wala si hoteli.”

Aliniita mama, kama baba zetu wanavyowaita binti zao wakiwa na huruma, nami nikakaa nimeukaza mkanda wa kiti kwa mikono miwili. Sikulia. Nilikuwa na hofu, hofu ya ajabu, kwamba nikigeuka nyuma nitaona ndugu yangu hakulala peke yake.

Mlango ukafunguliwa, mama akaingia na baridi yake, akinuka sabuni na losheni ya wazee. Alitutazama nyuso, akaelewa.

“Umemwambia?”

“Nimemwambia.”

“Na jina?”

“Jina bado.”

Mama akalitaja. Lilikuwa jina la kawaida kabisa la nyanya, nililokuwa nimelisikia mara nyingi, lakini safari hii lilikuwa la mtoto. Kisha akalirudia, kama mtu anayejaribu mguu uliovunjika. Baba alikuwa ameweka mikono yote miwili juu ya usukani ilhali gari haliendi. Tulikaa hivyo mpaka ndugu yangu akaamka akauliza kwa Kiingereza kwa nini hatuendi nyumbani. Walimwambia usiku huo huo, wakati wa chakula, kwa maneno machache. Aliuliza swali moja tu, kama alikuwa anajua kuogelea.

Kesho yake baba mwenyewe alipiga simu Burnsville akachukua nyumba ya magogo. Alipoulizwa tuko wangapi alisita, akamtazama mama, akasema wanne, lakini tunahitaji vitanda vyote.

Majuma yale ya kungoja ndiyo ninayoyakumbuka kwa uzito. Kwenye kanda alikuwamo msichana aliyekimbia kuelekea kasri, mgongo wake tu ndio uliokuwa ukionekana. Zamani sikumjali. Sasa kila Jumamosi niliukazia macho mgongo ule nikingoja ageuke. Niliandaa meza nikajikuta nimetoa kikombe cha ziada, na mama, badala ya kukirudisha kabatini, alikijaza chai, akakiacha kikapoa.

Florida ilikuwa na joto na kelele. Kasri lilikuwa zuri, lakini nikilikumbuka naona visigino vya watu kwenye foleni. Ile nyumba ndiyo niliyobaki nayo, na harufu yake ya utomvu na shuka safi. Tulipofika mama aliipanga upya mito yote, hata iliyokuwa sawa. Baba aliweka mabegi juu ya kitanda cha chini ya dirisha, akayatoa upesi, akayaweka sakafuni, akatoka nje kuangalia gari lililokuwa halina shida. Siku mbili hakukitazama. Asubuhi alivaa akiwa amekipa mgongo.

Siku ya tatu mvua kubwa ilitufungia ndani alasiri. Mama alipika ugali kwa unga aliokuja nao kutoka Minnesota, maana hakuiamini nchi ngeni. Sisi tulicheza karata kwenye dabodeka. Baba alizunguka chumba, akasimama dirishani, akatazama mvua kwenye misonobari. Kisha akaketi pembeni mwa kile kitanda, kwa uangalifu, kama unavyoketi karibu na mtoto usiyetaka kumwamsha. Baada ya muda akajilaza. Kilikuwa kifupi kwake, ikabidi ajikunje, uso ukutani. Tuliona mabega yake yakitikisika. Ndugu yangu akataka kushuka, nikamzuia. Mama akaja, mwiko bado mkononi, akamfunika kwa lile shuka la bluu mpaka begani, akasema, “Lala naye kidogo.”

Akalala mpaka mvua ikakatika. Ugali ulipoa na hakuna aliyelalamika.

Ofisi ile ya safari haipo tena, na chumba kile cha chini cha kanisa kimegawanywa kwa mbao. Wale akina mama wametawanyika, wengine Texas, wengine nyumbani, wengine kaburini. Kwa miaka iliyofuata tulimtaja dada yetu mezani bila kunong'ona. Lakini kuna vitu ambavyo hata ukivitaja vimeshakwenda.

Baba alipofariki alikuwa ametuachia neno moja, kwamba tumrudishe Murang'a tumlaze kando ya binti yake. Tukampeleka. Nyanya alikuwa amefariki kabla yake, na kumbe yeye peke yake ndiye aliyejua mahali mtoto alipozikwa. Mibuni iliyokuwa alama ilishang'olewa, shamba likagawanywa, jiwe walilosema liliwekwa hapo hakuna aliyeliona. Baba mdogo alionyesha karibu na uzio. Shangazi akaonyesha penye mgomba. Wanaume walisimama na majembe, wakimngoja mama aamue.

Mama alivua viatu. Akalitembea lile shamba lote peku, mstari kwa mstari, akikanyaga kwa upole, kwa sababu mtoto angeweza kuwa popote pale. Nami nikavua vyangu nikamfuata. Hatukupaona. Mwishowe alisimama katikati, kati ya uzio na mgomba, akawaambia vijana waanzie hapo.

“Lakini chimbeni polepole,” akasema. “Amelala.”