Bibi Harusi Hakushuka Garini

Betri mpya ya laptop yangu ilizimika bibi harusi akiwa bado ndani ya gari. Tulikuwa tumeona tarumbeta, tumeona magari yenye riboni yakizunguka jiji la Mwanza, tumeona kioo cheusi ambacho nyuma yake ndiko alikokaa. Kisha skrini ikawa nyeusi kuliko kioo. Uani watu wakapiga "Aaah!" kwa pamoja, kama mpira umegonga mwamba.

Mama mwenye mji akanigeukia. "Mwanangu yuko wapi?"

"Yuko kwenye gari, mama."

"Tangu Jumapili iliyopita yuko kwenye gari!"

Kweli. Hiyo ilikuwa mara ya pili.

Mji wake uko Kisanga, na ndiko nilikolishwa maziwa msimu mzima nilipokuwa nazurura nikijifunza kukamua ng'ombe. Shule niliiacha mapema, na tangu hapo nimejifunza mambo ambayo hakuna aliyenituma kujifunza: kupakia miwa Kidodi, kuziba pancha za malori Mikumi, kuingiza nyimbo kwenye simu za watu. Binti yake aliolewa huko Mwanza, kwao ziwani, wakati mama mguu wake umo kwenye plasta, hakuweza kusafiri. Wakamletea harusi kwenye flashi. Mtu alishamwonyesha kipande chake kwenye simu, mama akaisukuma simu pembeni.

"Mtoto niliyemzaa mimi hawezi kuwa mdogo kama karanga."

Alitaka kumwona akiingia kanisani, mkubwa wa kueleweka. Sola ya pale nyumbani inatosha taa na simu tu. Ikabaki laptop yangu, na betri niliyokuwa nimetoka kuifunga baada ya ile ya zamani kuvimba kama andazi mpaka kibodi ikainuka.

Nikapanda bodaboda hadi Kilosa kwa fundi aliyeniuzia.

"Kaka, betri nimeitoa kwenye boksi mbele ya macho yako," alisema. "Unaifanyia nini huko?"

"Naangalia harusi."

"Harusi ya siku ngapi?"

Alicheka peke yake, kisha akafungua mfuniko wa chini. Akachomoa plagi ya betri, akaipangusa, akairudisha akiibonyeza kwa kidole gumba. Akaniambia niichaji mpaka ijae, niiache iishe kabisa mpaka mashine izime yenyewe, kisha niijaze tena, ili mashine iizoee betri yake mpya na iache kudanganya asilimia. Nilifanya yote, na sikuficha raha yangu. Nilipunguza mwanga wa skrini. Nilizima intaneti. Nilishika kitufe cha kuwashia mpaka kidole kikafa ganzi, kwa sababu nilisikia mahali kwamba inasaidia. Kama wangeniambia niiimbie, ningeiimbia.

Halafu nikaipima. Chumbani kwangu Mikumi nilibandika maharage jikoni, nikachomoa chaja, nikaianzisha harusi tangu tarumbeta. Skrini niliigeuzia ukutani. Haikuwa haki mimi nimwone bibi harusi kabla ya mama yake, kwa hiyo nilisikiliza tu. Nikasikia vigelegele, nikasikia viapo, nikasikia keki ikilishwa na mjomba akitoa nasaha zisizo na mwisho. Mwisho ulifika. Betri ilikuwa na chaji bado, na maharage yalikuwa magumu kama kokoto.

Nilisimama na mwiko mkononi. Kule Kisanga nilikuwa nabonyeza filamu ng'ombe wakiwa bado zizini, na mpaka betri inazima, maharage ya mama yalikuwa yameiva, yameliwa na vyombo vimeoshwa. Yaani kule betri ilidumu kuliko harusi nzima! Ilikuwa inafanya kazi gani muda wote huo?

Ilikuwa inasalimia. Kila mzee wa jirani alipoingia uani, nilisimamisha filamu. Shikamoo, marahaba, mmoja mmoja, kisha salamu za Kisukuma, kisha mvua, kisha ndama, skrini ikiwaka muda wote. Mzee akishakaa, mama alisema, "Haya, mwanzishie na mgeni." Tunarudi kwenye tarumbeta. Kisha anaingia mwingine.

Nilicheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Jumapili nikarudi Kisanga. "Mama, betri ni nzima. Ni sisi tunaanza upya kila saa."

"Sasa mgeni aikute harusi katikati? Nimkaribishe kwa makombo?"

"Basi tusianze na magari. Tuanzie mlango wa kanisa."

Akanitazama kama nimemfichia ng'ombe. "Kumbe inaruka?"

"Inaruka, mama."

"Na wewe umeniweka na matarumbeta muda wote huu!"

Nikaruka magari yote. Mlango ukafunguka, na binti akaingia, shela imejaa upana wa skrini, anatembea taratibu huku akiuma mdomo asicheke. Mama alisogeza kigoda mpaka pua yake ikakaribia kugusa kioo. "Anauma mdomo," akasema polepole. "Tangu mdogo, akifurahi anauma mdomo." Kisha akapiga kigelegele ambacho ndama walikijibu.

Mzee wa kwanza akaingia, shikamoo, marahaba, mvua, ndama.

"Mwanzishie na mgeni!" mama akaniamrisha, na safari hii macho yanamng'aa.

Mlango ukafunguka, binti akaingia. Akaja mzee mwingine, mlango ukafunguka tena. Walipokawia kuja, mama alimtuma mtu akawaite. Tulikuwa tunajua sasa ni hatua ipi atauma mdomo, na tulipiga kelele wote kwa pamoja. Keki hatukuiona, wala mjomba na nasaha zake.

Mchana skrini ikazima. Nikaanza kuomba radhi.

"Mwache apumzike," mama akasema, akijifuta macho kwa ncha ya khanga. "Ameolewa sana leo."