Punda Anayepiga Magoti

Mume wangu Rogath ni mtu wa kusali rozari na kuonya vijana, lakini punda wetu anamjua kuliko padre anavyomjua. Zamani, biashara ilipokuwa imebanwa, wawili hao walikuwa wakivusha kahawa ya magendo pale mpakani Tarakea kuingia Kenya. Landrova ya mgambo ikinguruma, Rogath anamwingiza punda mahindini, anampigisha magoti, anamlambisha chumvi anyamaze. Mnyama akashika somo.

Biashara ikaachiwa, Landrova ikaondoka, somo likabaki. Jamani, punda huyu! Pikipiki ya katekista ikipita, huyo kaingia mahindini, magoti chini. Mashine mpya ya kusaga pale mjini Mkuu, mlio ambao hajausikia tangu azaliwe, magoti chini. Nilimwambia Rogath amuuze, nikasema mpaka mdomo ukauma. Sikio la kufa halisikii dawa.

Basi siku ya kwenda kumposea mwanetu Martin, kwa Mektrida binti wa Mzee Ndelilio, si Rogath akampakia madumu ya mbege, pombe yetu ya ndizi, punda huyo huyo! Nilichoka. Tulipokaribia nyumbani kwa wakwe, gari lililowabeba wajomba likanguruma nyuma yetu. Punda akaacha njia, akaingia kwenye migomba ya Mzee Ndelilio, akapiga magoti na madumu yake mgongoni, kimya. Rogath akamvuta, akamtukana, wapi.

Mzee Ndelilio akatoka. Enzi zile alikuwa mgambo wa Tarakea. Hilo tulilijua, na Rogath alikuwa ameniapia kwamba hawakuwahi kukutana. Mzee alimzunguka punda, akainama kumtazama magoti. Kisha akamwita mkewe.

"Mama Mektrida, njoo uone. Niliwaambia wakubwa kuna punda anapiga magoti. Wakasema nimelewa, wakanifukuza kazi. Hata wewe uliamini nimelewa."

Mama wa watu akaziba mdomo kwa khanga, akalia. Mimi nilitamani ardhi inimeze, nikijua ndoa ya mwanangu imekwisha kabla ya kuanza.

Mzee akamgeukia Rogath. "Siku ya soko utakuja nami Tarakea na punda wako, mbele ya wote walioniita mlevi. Ndipo tuzungumze habari za huyu binti."

Rogath akaanza kueleza habari za kifua chake na baridi ya Tarakea.

"Atakuja," nikasema.