Anaandika Watu

Kampuni ile ya kununua pamba ilikaa Bariadi misimu miwili. Ilikuja wakati ushirika umeshalegea, soko limefunguliwa, na kila mwenye lori na mizani anajiita mnunuzi. Mimi nilikuwa nimepunguzwa kazi katika ofisi ya ushirika, ambako nilikuwa mpiga chapa tangu usichana wangu. Kampuni ikanichukua kwa sababu watu wa kupiga chapa bila kutazama vidole tulikuwa wachache, na wenzangu wengi walikuwa wameshahamia Mwanza.

Meneja alikuwa kijana kutoka Dar es Salaam, mpole, mwenye kuogopa vumbi. Alikuja na mashine ya faksi na taipureta ya betri. Faksi haikufanya kazi hata siku moja, kwa kuwa jengo halikuwa na laini ya simu. Ilifunikwa kitambaa, tukawa tunawekea chai juu yake. Taipureta ndiyo niliyopewa mimi. Ilikuwa nyepesi kama trei, na juu ya vibonye vyake kulikuwa na kidirisha chembamba kinachoonyesha mstari mmoja tu. Unaandika, maneno yanapita pale, kisha mashine inayaweka kichwani mwake. Ukitaka karatasi unabonyeza, yanatoka. Na haikuwa na kelele. Mimi niliyezoea mashine za ushirika, ambazo zilisikika mpaka sokoni, nilijiona kama ninafanya kazi kwa siri.

Msimu wa pili ulipoharibika, kampuni ikaondoka. Siku ya kufunga, meneja alinipa ile taipureta iwe yangu, pamoja na katoni ya karatasi za faksi. Utepe wake wa wino ulikuwa umekwisha na mwingine haukupatikana, lakini mashine ile iliweza kuandika bila utepe, kwa joto lake tu, ilimradi uiwekee karatasi za faksi, ambazo hugeuka nyeusi zikipata joto.

"Dada, hii ina kazi moja tu," aliniambia. "Haina redio, haina mchezo, haina simu. Ukikaa mbele yake huna pa kukimbilia. Utaandika tu."

Nilimwamini. Kwa muda mrefu nilikuwa na hamu ya kuandika habari za mama yangu. Mama alizaliwa Kimali, na akiwa msichana alifuatana na mjomba wake aliyekuwa akipeleka mbuzi Malampaka, kwa sababu alikuwa amesikia kuna treni na hakuamini. Alienda kutazama treni akarudi na mchumba. Mchumba huyo ndiye baba yangu, aliyekuwa anabeba mizigo pale stesheni. Nilitaka hayo yaandikwe kabla mama hajaanza kuyasahau.

Nikasafisha chumba cha mbele kilichokuwa stoo ya magunia, nikaweka meza, nikafunga mlango. Asubuhi ya kwanza niliandika "YAH:" nikakwama. Nikafuta. Nikaandika "Tafadhali rejea mazungumzo yetu." Nikafuta tena. Miaka yote ile nilikuwa nimepiga chapa sentensi za wakubwa, na vidole vyangu havikujua sentensi nyingine. Siku ya tatu ndipo nilipopata ya kwangu: Mama yangu aliona treni kabla hajamwona baba yangu. Niliitazama pale kwenye kidirisha, peke yake, mpaka macho yakauma, ndipo nikaendelea.

Mama alifurahi sana kusikia anaandikwa, na akajipa kazi ya kulinda utulivu. Alikaa nje ya mlango kwenye kigoda, akipukuchua kunde, akiwafukuza kuku kwa mkono bila kusema neno. Mtu akipita akiongea kwa sauti, mama alimtazama mpaka anyamaze.

Wiki hiyo hiyo jirani yetu alikuja kuazima ungo. Mume wake alikuwa fundi wa kiwanda cha kuchambua pamba, naye amepunguzwa kama mimi. Nilimsikia kupitia mlangoni.

"Mwangaluka, mama. Binti yako yupo?"

"Yupo. Usimsumbue. Anaandika."

"Anaandika nini?"

Mama alijifunza Kiswahili ukubwani. Alitaka kusema ninaandika habari za watu wa zamani. Akasema, "Anaandika watu."

Kisha jirani akauliza kwa sauti ya chini, "Ameshaandika wangapi?"

"Wawili tu," alisema mama, akimaanisha yeye na baba. "Ndiyo kwanza ameanza."

Jirani aliondoka bila ungo.

Ni lazima nieleze hali ilivyokuwa miaka ile. Kulikuwa na orodha ya wanaopunguzwa na orodha ya wanaobaki. Kulikuwa na orodha ya wakulima wa mnunuzi huyu na wakulima wa yule, orodha ya mahindi ya njaa, na vyama vingi vilipoingia, kila chama na orodha yake. Nyingi ziliandikwa mlango ukiwa umefungwa, na aliyekosa kuandikwa alijua siku watu wanagawiwa. Watu walikuwa wamejifunza: jiandikishe kwanza, utauliza baadaye ni ya nini.

Kesho yake nilipofungua dirisha, kulikuwa na wanawake watatu wamekaa ukutani. Mchana walikuwa kumi na zaidi. Siku ya pili kulikuwa na foleni, na mama, ambaye hakupenda fujo, alikuwa ameshaipanga: wenye watoto mgongoni mbele, wanaume upande wa kivuli. Aliwaambia wazungumze polepole kwa sababu ninahitaji utulivu. Wakanong'ona. Sijawahi kusikia kelele inayochosha kama minong'ono ya watu arobaini.

Nikatoka, nikasimama mlangoni. "Ndugu zangu, hakuna orodha. Mimi ninaandika habari za mama yangu."

Wakaitikia kwa kichwa, kwa heshima kabisa. Hakuna aliyeondoka. Mkulima mmoja aliyekuja kwa baiskeli kutoka Kasoli alinisogelea.

"Dada, tunakuelewa," alisema. "Hata mwaka ule walituambia hakuna orodha."

"Lakini safari hii ni kweli hakuna."

"Ndiyo. Walisema hivyo hivyo."

Wengine walipata hofu kwa sababu mashine haikusikika. Orodha za ushirika zilipigwa chapa kwa kishindo, na mtu aliweza kukadiria urefu wake akiwa nje. Hii yangu ya kimya waliona ni ya jambo kubwa zaidi, au baya zaidi. Akaja mzee mmoja fundi cherehani, akiomba nimfute.

"Baba, hujaandikwa," nikamwambia.

"Nifute tu, mwanangu."

"Siwezi kumfuta mtu ambaye hayumo."

Akafikiri. "Basi niandike, halafu unifute, nione."

Niliona ndiyo njia fupi. Nikamwita ndani, nikaandika jina lake lote, akalisoma kwenye kidirisha huku ameshika miwani. Kisha nikalifuta herufi moja moja kutoka nyuma, naye akizihesabu. Ilipokwisha ya mwisho alishusha pumzi, akanishukuru, akaenda zake. Asubuhi alikuwa mtu wa kwanza kwenye foleni. Alikuwa amekesha akiwaza kwamba watu wote wataandikwa ila yeye, na kwamba nina ushahidi amejitoa mwenyewe.

Siku ya nne alifika mwenyekiti wa kitongoji, na daftari kwapani. Alikuwa mtu wa utaratibu, ambaye hata kwenye msiba alianza kwa kusoma ajenda.

"Nimepata taarifa kuna uandikishaji bila kibali," alisema.

"Hakuna uandikishaji, mwenyekiti. Ninaandika kitabu."

"Nionyeshe."

Nikamwonyesha kidirisha. Kwa kuwa kilionyesha mstari mmoja tu, alisoma ule wa kwanza, polepole, kidole hewani. Akasoma tena neno moja. "Treni." Akavuta kiti, akakaa. "Kwa hiyo ni mradi wa reli."

"Si mradi. Ni mama, alienda Malampaka."

"Kutoka Malampaka kuja hapa," alisema mwenyekiti, "si mbali. Na kama watapita hapa, watahitaji vibarua." Akafungua daftari lake, akalifunga. "Sikulaumu kwa kuficha. Kuna mambo hayasemwi mapema. Ila mimi niweke namba moja. Si kwa ajili yangu, ni kwa ajili ya utaratibu."

Alipotoka aliwatangazia watu kwamba hakuna mradi wowote wa reli, na kwamba hataki kusikia mtu akiutaja. Kufikia jioni wakulima wa vijiji vya jirani walikuwa wanauliza reli itapita upande gani wa mashamba yao.

Nilishindwa. Mama ndiye aliyeniambia, huku ananipa uji: "Mwanangu, waandike. Mtu akiandikwa ataenda nyumbani. Halafu utaendelea na mimi."

Nikaanza kuandika majina. Mwenyekiti namba moja, fundi cherehani namba mbili. Watu waliingia mmoja mmoja, wakataja majina matatu na kitongoji, wakaona jina likipita kidirishani, wakatoka wakiwa wepesi. Hakuna aliyeuliza kitu. Bibi mmoja alinibariki. Nakiri kwamba vidole vyangu vilifurahi, maana hii kazi vilikuwa vinaijua.

Siku ya pili ya majina, mashine ililia mara tatu. Kichwa chake kilikuwa kimejaa. Ilibidi nifute kitu, na kitu pekee kisichokuwa jina la mtu aliyesimama mlangoni kilikuwa ni kurasa zangu nne za mama na treni. Nikazitoa kwanza kwenye karatasi za faksi, nikamkabidhi mama mwenyewe azitunze. Kisha nikazifuta kwenye mashine, nikaendelea na majina.

Mama alizipokea kwa mikono miwili. Aliziona zina joto, akadhani ni mbichi. Akazipeleka nyuma ya nyumba, juu ya bati tulikokuwa tumeanika michembe, vile vipande vya viazi vitamu, akazitandaza katikati yake na kuziwekea mawe zisipeperuke. Lilikuwa jua la Septemba. Nilipomaliza foleni na kwenda kuziangalia, zilikuwa nyeusi kuanzia juu hadi chini. Mama alizigeuza moja moja, akazitazama upande wa pili.

"Zimeungua," nilisema.

"Zimezidi kukauka," alisema mama. Aliona nimekaa chini, akakaa na yeye. "Nitakusimulia tena. Treni haijaenda popote."

Orodha yenyewe ilitoka ndefu, karatasi moja isiyokatika, na mwenyekiti akaikunja kama mkeka. Nilimwonya asiiache juani. Akaipeleka ofisi ya kata, ambako karani aliinakili yote kwa mkono, ikapigwa muhuri, ikawekwa kwenye jalada. Juu ya jalada waliandika ORODHA, basi, kwa sababu hakuna aliyejua ni ya nini.

Miezi miwili baadaye ilikuja gari kutoka wilayani na wageni wa shirika moja, wanagawa mbegu, jembe na blanketi kwa kaya. Wakauliza kama kata ina orodha ya kaya. Mtendaji wa kata akafungua kabati. Nasikia wale wageni walisifu sana, kwamba kote walikopita walisubirishwa wiki nzima, hapa wamekuta kazi imekwisha. Ugawaji ulimalizika kwa siku moja. Waliopanga foleni kwangu walipata wote. Fundi cherehani alipata. Jirani yetu alipita mbele ya nyumba na blanketi begani, akanipungia mkono.

Mimi na mama hatukupata. Sikuwa nimetuandika.

"Umeandika watu mpaka wa Kasoli," mama alisema. "Mimi niliyekuwa mlangoni hukuniona?"

Nikaenda kwa mtendaji. Alikuwa ananifahamu tangu enzi za ushirika, akanikaribisha kiti.

"Naomba mtuongeze kwenye orodha," nikasema. "Mimi na mama yangu."

Akatikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli. "Orodha imefungwa."

"Mimi ndiye niliyeiandika."

"Najua. Kazi nzuri sana, wageni wamesifu. Lakini wewe kama mwandishi wake unaelewa kuliko mtu yeyote kwamba haiwezi kuguswa baada ya muhuri."

"Haikuwa hata orodha, mtendaji."

"Sasa ni orodha," alisema. Kisha akasogeza kiti. "Ile mashine yako bado nzima?"

Hivyo ndivyo nilivyopata kazi ofisi ya kata, na mashine yangu ikaja nayo, mpaka betri zake zilipoacha kupatikana na wakaninunulia ya kishindo. Habari za mama niliziandika baadaye, kwa kalamu, kwenye madaftari ya shule, siku za Jumapili, yeye akiwa pembeni ananisahihisha na kuku wakipita chini ya meza.

Orodha ya kwanza niliyopewa pale ilikuwa ya chanjo ya ng'ombe. Safari hii nilimwandika mama kabla ya mtu mwingine yeyote, bila kuuliza. Hatukuwa na ng'ombe hata mmoja. Bwana mifugo alipofika nyumbani na kisanduku chake cha sindano, mama alimpokea vizuri, akampa kiti na maji ya kunywa, akamwambia ng'ombe bado hawajarudi malishoni, asubiri.