Kifupi Chenye Pete

Makali alikuwa na jibu moja kwa kila aliyeingia karakanani kwake akiulizia Kifupi: hakipo, hakitengenezwi tena, chukua kingine. Ungetaka kuuliza kwa nini, lakini ungemwona sura inavyojifunga, ukachukua hicho kingine ukaenda zako.

Kifupi kilikuwa kisu cha kukunja. Ukishakikunja, urefu wake hauzidi kidole cha kati. Mpini wa mti mweusi, bapa lililochongwa kutoka msumeno uliochoka, na ndani ya mpini ulimi mwembamba wa chuma. Ukilikunjua bapa, ulimi unaruka nyuma yake na kulizuia lisirudi. Ukitaka kulikunja, unaingiza kidole gumba kwenye kidirisha cha mpini, unausukuma ulimi pembeni, kazi imekwisha. Makali alikibuni mwenyewe akiwa kijana na kikamlisha miaka kumi. Seremala alikuwa nacho, kinyozi alikuwa nacho, hata mwalimu mkuu alichongea nacho penseli.

Kisha kikamkata mdogo wake.

Huyo mdogo wake ni fundi viatu. Anaitwa Shoto tangu hajaota meno ya ukubwani, kwa sababu kila kitu anakifanya kwa mkono wa kushoto. Siku hiyo alikuwa anatoboa soli kwa ncha ya kisu. Alibana, akasukuma, bapa likajikunja na vidole vyake vikiwa ndani. Mshipa wa kidole cha shahada ukakatika. Walimshona, lakini kidole kilipona kikiwa kimenyooka kama msumari, na mpaka leo hakikunjiki.

Pale hospitali, mama yao akilia na dada yao mkubwa akimshika mama, Makali alikitoa kile kisu, akakikunjua, akakichoma mara tatu kwenye benchi la mbao. Hakikujikunja. Muuguzi alikuwa anakuja kumfukuza, na kabla hajafika Makali akawa ameshasema.

"Kisu hakina kosa. Mkono ndio una kosa."

Alikuwa na hofu, sawa. Mtu mwenye hofu husema upuuzi. Lakini upuuzi wa siku moja husahaulika, huu yeye aliulea miaka tisa. Alikijaribu tena nyumbani mara mia mbili, anahesabu, na hakikujikunja hata mara moja. Kwa hiyo ushahidi alikuwa nao. Na bado aliacha kukitengeneza, maana kila alipokishika alikirudisha mezani. Kama huna kosa, unakirudisha kwa nini? Hilo hakujiuliza.

Shoto akahamisha kibanda chake hadi upande wa pili wa soko. Wakawa ndugu wa kukutana msibani. Mama yao alipofariki walibeba jeneza moja, mmoja mbele, mmoja nyuma, wakaachana getini kama watu waliochangia teksi.

Mwaka huu akaja mwanamke mwenye kitalu cha miche ya matunda, watu humwita Mama Miche. Alitoa mfukoni Kifupi cha zamani, mpini umezungushiwa mpira wa baiskeli. Alitaka sita kama hicho, chake na vya wanawake watano anaopandikiza nao miche. Makali akaanza wimbo wake. Mama Miche akamwacha aimbe mpaka mwisho.

"Hakipo, na mimi nimekishika mkononi?"

Makali akasema ulimi wa kisu hicho haumridhishi. Mama Miche akasema hata yeye, ndiyo sababu ya mpira. Akaeleza taratibu kama anayemweleza mkwe: kisu chako, fundi, kulia ni mtumishi, kushoto ni nyoka. Yeye hukata kwa mikono yote miwili, kwa sababu mche hauzunguki kukufuata wewe, na siku ya kwanza alipokihamishia kushoto kiliondoka na ukucha wake.

"Chuma hakijui kulia na kushoto, mama," Makali akasema.

"Basi kishike wewe."

Makali akakivua mpira. Akakishika kwa kushoto, akakibana kama mtu anayetoboa kitu kigumu, akakichoma kwenye gogo. Bapa likarudi. Bahati yake alikuwa amechoma kwa woga, akatoka na tone moja la damu. Hakuliangalia lile tone. Aliangalia vidole vyake. Ncha zake zilikuwa zimeingia kwenye kidirisha na kuusukuma ulimi pembeni. Kwa mkono wa kulia vidole hulala upande mwingine, havifiki hapo. Kwa kushoto, kadiri unavyobana ndivyo unavyoufungua ulimi.

Mara mia mbili, na zote kwa kulia. Mtu amemwita mdogo wake Shoto miaka arobaini, amemwita Shoto akila, Shoto akicheza mpira, Shoto akioa, na haikumpitia kichwani kukihamisha kisu kutoka mkono huu kwenda ule. Nyani haoni kundule.

Mama Miche alimwuliza kama anaumwa. Akasema hapana, avifuate baada ya wiki tatu.

Ulimi akautupa. Badala yake akaweka pete ya shaba shingoni mwa mpini, yenye mwanya upande mmoja. Mwanya ukikaa mbele ya bapa, kisu kinakunjika. Ukiizungusha pete nusu, bapa linabanwa, na hakuna mkono wa kubahatisha kuifungua. Pete ya kwanza ililegea, ya pili ikakwama, ya tatu akaipiga tupa siku nzima mpaka ikazunguka laini. Safari hii alijaribu kwa kulia, kwa kushoto, kwa mikono yenye mafuta, kwa mikono yenye maji. Mkono wa kushoto ulimwuma, haukuzoea kazi.

Mkewe ndiye wa kwanza kuambiwa. Alikuwa anapiga pasi, akabaki anapiga kola ileile mpaka hadithi ikaisha. Hakumtukana, na Makali angependa atukanwe.

"Baba watoto, usiende na kisu. Nenda na mdomo."

Akaenda na kisu. Mafundi ndivyo walivyo, hawajui kuomba radhi mikono mitupu.

Shoto alikuwa kibandani anapaka gundi, mteja mmoja kakaa kwenye kigoda, mguu mmoja una kiatu na mwingine hauna. Shoto alisema "kaka" na kuendelea kupaka. Makali akaanza kuisifu pete. Alieleza shaba, alieleza mwanya, alieleza mafuta na maji, mpaka mteja mwenyewe akaanza kuitikia kwa kichwa kama anataka kununua. Neno alilolijia hakuligusa.

Shoto akafuta gundi, akakichukua kisu kwa kushoto, akalikunjua bapa. Akajaribu kuizungusha pete. Pete ile unaibana kwa gumba na shahada, na shahada ya Shoto haikunjiki. Kidole kikateleza. Akajaribu tena, kikateleza. Mara ya tatu akaizungusha kwa meno. Mteja akawa anaangalia bati la paa.

"Kizuri," Shoto akasema. "Cha watu wenye vidole."

Hapo ndipo Makali akaishiwa sifa za pete. Akasema kosa lilikuwa la kisu, si la mkono, kwamba alikijaribu kwa kulia tu, na kwamba amejua wiki tatu zilizopita.

"Wiki tatu," Shoto akasema. Akacheka kidogo, cheko lisilo na raha. "Mimi nilijua siku ileile. Nilikwambia kitandani, kaka, kimejikunja chenyewe. Ukasema nilikuwa nimechoka."

"Ulisema," Makali akakiri.

"Unajua Mama alikuwa ananifanyia nini? Nikienda kumwona, nikishika kisu kumenya chungwa, ananinyang'anya. Taratibu, mwanangu, wewe mkono wako mzito. Mbele ya watoto wangu. Mpaka anakufa ananimenyea machungwa. Haya, yeye nani atamwambia?"

Mteja akavaa kiatu ambacho gundi haijakauka, akasema atapita kesho.

Shoto akachukua msharasi anaotobolea ngozi, akakwaruza alama kwenye pete, upande wa juu.

"Weka sikio la shaba hapa, litokeze. Mtu alisukume kwa gumba peke yake."

Hakulisema kwa upole. Alilisema kama fundi anayeona kazi mbovu na hawezi kuinyamazia. Akamrudishia kisu kwa mpini.

"Na ukikileta tena usije peke yako. Njoo na dada. Ulisema mbele yake."

Akavuta kiatu kingine, akampa mgongo kaka yake.

Makali alisimama nje karibu na pipa la taka akampigia dada yao. Dada aliuliza nani kafariki, maana simu ya Makali haijawahi kuleta habari nyingine. Akasema hakuna aliyefariki, ila anamwomba Jumamosi waende wote kwa Shoto. Dada akataka kujua kuna nini. Makali alikusudia kungoja hiyo Jumamosi, lakini alishangoja vya kutosha, akasema palepale: mkono wa Shoto haukuwa na kosa, dada, kisu kile kilikuwa kinajikunja kwa kushoto, mimi ndiye niliyekosa.

"Miaka tisa," dada akasema. "Miaka tisa nawakataza wanangu wasimpe mjomba wao kisu."

Makali akaendelea kushika simu. Dada hakusema kama atakuja, wala hakukata.