Kundi la Nyota Nililolizima

Binti yangu anasomea mambo ya nyota. Likizo alikuja nyumbani hapa Giheke na kompyuta kuukuu isiyo na betri, akaiweka juu ya meza ya kulia. Ndani yake alikuwa ametengeneza kundi la nyota zilizozaliwa pamoja, na mashine ikawa inapiga hesabu jinsi galaksi inavyozivuta, miaka na miaka, mpaka kundi litawanyike. Mimi niliishia darasa la tano. Kama nimeeleza vibaya, kosa ni langu. Yeye alinifundisha vizuri.

"Hii moja inaenda wapi?" nilimuuliza, nikionyesha nukta iliyojitenga.

"Imechoka na bandugu zake, Papa."

"Basi irudishe."

"Apana. Nikiirudisha kwa mukono, ni uongo."

Hesabu ilitaka wiki mbili bila kuzimwa. Bila matokeo yake asingemaliza masomo pamoja na wenzake. Siku ya kumi na moja alishuka mjini Kamembe kuchapisha kurasa za mwanzo za kazi yake, akaniachia neno moja tu: nisiguse.

Alasiri radi ikaanza upande wa ziwa. Kwetu radi ikilia muntu hakai kufikiri. Anachomoa fishi zote za umeme ukutani. Ndivyo nilivyolelewa Bukavu. Nikachomoa ya redio, nikachomoa ya kompyuta. Kioo kilipokuwa cheusi ndipo nikakumbuka. Nikairudisha fishi mbio mbio, lakini nyota hazikurudi. Sitasema radi haikuwa kali, ilikuwa kali. Lakini simu ilikuwa mfukoni mwangu, ningeweza kumuuliza kwanza.

Alirudi amelowa. Nilimpokea mlangoni.

"Umeme ulikatika," nikasema.

Alikwenda moja kwa moja kwenye kompyuta. "Pole, Papa. Si kosa yako."

Ugali wa jioni sikuumaliza, nikasema ni tumbo. Uongo wa pili.

Kesho yake nikamsikia nje akimpigia mwalimu wake. Alisema kosa ni lake, kwamba diski ilijaa akaondoa sehemu ya kuhifadhi hesabu kila siku. Hilo ni kweli, baadaye aliniambia mwenyewe. Lakini sauti ya mwalimu ilipanda hata mimi nikaisikia: uzembe, uzembe. Naye akawa anajibu, "Ndiyo, mwalimu. Nisamehe."

Alipokata simu nilitoka. "Ni mimi nilichomoa."

"Ninajua."

"Unajua? Tangu lini?"

"Papa, ulisema umeme ilikatika mbele ya mimi kukuuliza. Hata viatu nilikuwa sijavua!"

Akacheka. Mimi sikuweza. Mtoto alikuwa amebeba matusi yaliyonistahili mimi, na alijua ni ya nani.

"Nipe simu," nikasema.

"Utamuambia nini? Kwamba Papa yangu anaogopa radi?"

"Ndiyo. Hivyo hivyo."

Alinitazama, akapiga. Sijui kama nilisema vizuri. Nilimwita mwalimu "Mzee", na huenda ni kijana. Nikamwambia: mimi ni baba yake, mimi ndiye niliyechomoa, kisha nikadanganya. Mwalimu akasema atafikiria kumwongezea siku. Hakusema ndiyo, nami sitaandika kwamba alisema.

Nilipogeuka kumrudishia simu, binti yangu alikuwa ameshaingia ndani. Alikuwa amekaa mbele ya mashine, anaanza tena siku ya kwanza.