Shangazi Aliyekataa Mtoto Akae Mbele

Kabla hujaniuliza nilikuwa nimekunywa nini, nikujibu: chai ya rangi, pale pale Busia, na andazi. Na kabla hujaniambia kwamba mambo haya huwapata watu usiku kwa sababu ya giza na woga, nikwambie kwamba mimi yalinipata alasiri, jua linawaka, barabarani watu wanatoka sokoni na mizigo yao. Dada yangu alikuwepo. Mkono wangu wa kushoto una alama mpaka leo. Ukitaka kucheka, cheka, lakini ngoja kwanza nimalize.

Mimi hushona na kuuza mapazia Busia, upande wa Kenya, ingawa kwetu ni Nagongera, huko Tororo, Uganda. Watu wa mpakani ndivyo tulivyo, wewe unalala nchi hii na mama yako analala nchi ile. Nilikuwa nimenunua gari dogo la mtumba kutoka Japani, na sikudanganyi, nililipenda kuliko nilivyowahi kumpenda mwanamume yeyote. Nikalivika! Kwenye deshibodi, upande wa abiria, nilitandika kitambaa cha manyoya meupe nilichokishona mwenyewe, na juu yake nikagandisha chombo cha maua ya plastiki. Kila aliyepanda alisifu maua yale, na asiyesifu nilimkumbusha.

Basi dada yangu mdogo, Athieno, akajifungua mtoto wa kiume, mjukuu wa kwanza wa mama yetu. Alipoanza kutabasamu tukasema sasa twende Nagongera akaonyeshwe. Unajua kwetu mtoto anayepelekwa kwa nyanya yake mara ya kwanza si abiria tu. Ni mgeni wa heshima, na mgeni wa heshima hakai nyuma. Kiti cha mbele ni cha mchungaji, cha bibi harusi, cha mkwe. Shemeji yangu alikuwa amenunua kile kiti maalumu cha watoto wachanga, ambacho mtoto hulala akitazama nyuma ya gari. Tukakifunga mbele, kando yangu, mgongo wake ukigusa kabisa manyoya yangu. Tulijiona wa kisasa kweli kweli! Wenzetu wanapakata watoto mapajani, sisi wetu ana kiti chake. Athieno akakaa nyuma na mikungu ya ndizi na zawadi.

Hakuna aliyetukataza. Mpakani watu waliinama dirishani wakamchekea mtoto, na mimi nikazidi kuvimba kichwa.

Tulipopita mji wa Tororo na kushika barabara ya Nagongera, mwamba mkubwa ukiwa nyuma yetu, nikamwona Shangazi Awor amesimama kando ya njia. Huyu ni dada wa marehemu baba yetu, anaishi Petta, analima muhogo na kufuga mbuzi. Alikuwa amevaa gomesi lake la kijani, lile gauni refu la kina mama wa Uganda, la kwenda kanisani, mabega yake yamesimama vizuri. Nilijua naye amealikwa nyumbani siku ile, nikadhani amepitia mjini na sasa anatafuta usafiri. Nikasimamisha gari, tena kwa madaha, ili alione vizuri.

Sasa, Shangazi Awor ninayemjua mimi akianza kukusalimia, uji unaungua jikoni. Anauliza habari za mume, za kazi, za kuku. Siku ile hakuuliza hata habari ya safari. Alifungua mlango wa mbele, akamtazama mtoto, akasema, "Hii mtoto iende nyuma. Hapa nakaa mimi."

Mimi na Athieno tukatazamana kwenye kioo. Kwanza, nani anamnyang'anya mtoto mchanga heshima yake? Pili, na hili ndilo lililotushangaza zaidi, Shangazi Awor hakai mbele ya gari. Hajawahi. Hata siku ya mazishi ya baba, alipopewa kiti cha mbele kama dada mkubwa, alikikataa akaenda kubanana nyuma na masufuria. Hatukuwahi kumuuliza sababu. Tulisema ni mambo ya watu wazima, tukaachana nayo.

Lakini utabishana na shangazi yako? Kwetu haiwezekani. Akafungua kile kiti cha mtoto mwenyewe, mama wa shamba ambaye hajawahi kumiliki hata baiskeli, akakihamishia nyuma mtoto akiwa bado amelala humo. Akapitisha mkanda kunakopaswa, akauvuta kwa goti na mikono miwili mpaka kiti kikawa hakitikisiki. Athieno aliniambia baadaye kwamba sisi wenyewe asubuhi hatukukikaza hata nusu ya vile. Kisha akarudi mbele, akabandua manyoya yangu na maua yangu kwenye deshibodi, akayaweka chini miguuni. Roho iliniuma! Nilikohoa tu, kwa namna ambayo mtu mwenye akili angeelewa.

Akakaa. Akasukuma kiti nyuma mpaka kikagoma. Halafu akanigeukia na mimi.

"Na wewe, mbona unakumbatia hii sukani kama bwana yako? Rudi nyuma."

Athieno akaangua kicheko. Ni kweli mimi ni mfupi, na nilizoea kuendesha kifua kikikaribia kugusa usukani. Nikasogeza kiti nyuma huku nimenuna, nikanyoosha mikono kama mtu anayejifunza.

Hapa sasa nataka unisikilize vizuri. Gari langu lina kengele ya mkanda. Ukiweka kitu chenye uzito kwenye kiti cha mbele bila kufunga mkanda, linalia. Hata marobota yangu ya mapazia huwa nayafunga mkanda ili linyamaze. Shangazi alikaa pale akatengeneza gomesi lake, akatengeneza mshipi wake, bila haraka, kabla hajavuta mkanda, na kengele haikulia. Gari lilikuwa linaunguruma, taa zote zinawaka, kengele kimya. Niliona kabisa. Nikajiambia labda imeharibika, maana ungekuwa wewe ungejiambia nini?

Na kuna mkono wake. Nilipobadilisha gia, mkono wangu ukagusa wake, nao ulikuwa baridi kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Nikamuuliza kama anaumwa. Hakujibu. Nikauliza habari za Petta, mbuzi, mvua. Kimya. Alitazama mbele tu, mikono imeshika mkanda kifuani, kama mtu anayesubiri kitu anachokijua.

Hatukuwa mbali na Nagongera wakati fahali alipokata kamba. Alitoka vichakani upande wa kulia, mkubwa, kamba inaburuta nyuma yake, akajiweka katikati ya barabara. Nikakata usukani kushoto. Asubuhi mvua ilikuwa imenyesha, udongo ukateleza, gari likaenda lenyewe mpaka kwenye ukuta wa kalavati.

Mlio! Ulishawahi kusikia tairi la lori likipasuka karibu na sikio lako? Usukani ulifunguka mbele ya uso wangu, na wakati huo huo deshibodi ya upande wa pili ikapasuka, mfuko mkubwa wa hewa, ule wa kukinga abiria, ukaruka nje kabla sijapepesa jicho. Ulitokea wapi? Pale pale. Pale nilipokuwa nimetandika manyoya. Pale ambapo tangu Busia mgongo wa kiti cha mtoto ulikuwa umeegemea. Halafu gari likajaa vumbi jeupe na harufu kama ya fataki.

Mtoto akalia. Nyuma, kwa nguvu, kwa hasira, kilio cha mtu mwenye afya aliyekatiziwa usingizi. Sijawahi kusikia wimbo mzuri kama kile kilio. Athieno alikuwa akimpapasa huku akirudia neno moja, mzima, mzima, mzima, na mimi nikaanza kucheka na kulia pamoja. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa umeungua, lakini wakati ule sikuusikia.

Nikageuka kumtazama Shangazi.

Kiti kilikuwa kitupu. Usiniambie alitoka, mlango wake ulikuwa umebonyea na kubana, watu wanne baadaye walishindwa kuufungua. Kioo kilikuwa juu. Na mkanda, niamini, mkanda ulikuwa bado umefungwa, umepita juu ya kiti kutoka begani hadi kiunoni, umekaza, kama bado umemshika mtu. Ule mfuko ulikuwa umelala juu yake, umekwisha nguvu. Miguuni maua yangu ya plastiki hayakuvunjika hata jani.

Watu wakakusanyika. Mwendesha bodaboda mmoja, aliyekuwa ametupita muda mfupi kabla, akaingiza kichwa dirishani kwangu.

"Na ule mama ya gomesi alikaa hapa mbele," akauliza, "amekwenda wapi?"

Umesikia? Naye alimwona! Sikuwa peke yangu. Nikamwonyesha mkanda kwa kidole. Aliutazama, akatoa kichwa taratibu, akawasha pikipiki yake akaondoka bila kuaga mtu.

Nikampigia mama. Nikamwambia tumegonga, mtoto mzima, Athieno mzima, lakini Shangazi Awor amepotea garini.

"Awor gani?" mama akasema. "Awor iko hapa tangu asubuhi. Amelala kwa mkeka, nyumba ya nyuma."

Msamaria mmoja mwenye pikapu alitupeleka kwanza kituo cha afya. Mtoto akapimwa kila mahali, hana hata mkwaruzo, na mimi nikafungwa bandeji. Kisha tukafika nyumbani, na uani wageni wamesimama makundi makundi. Mama alitupokea mlangoni akatuambia kwamba muda mfupi kabla sijapiga simu, wageni walimsikia Shangazi akipiga ukelele usingizini, na simu ilipokatwa ndipo wakamwita naye akakimbia kumwangalia. Alimkuta ameketi, anashika kifua, anauliza nani amempiga.

Tukaingia. Shangazi alikuwa juu ya mkeka, gomesi lile lile la kijani. Kifuani limejaa vumbi jeupe. Mama alidhani ni unga wa muhogo, lakini siku ile hakuna aliyetwanga muhogo, na mimi harufu ile niliijua. Akavuta shingo ya gomesi kidogo tuone. Alama nyekundu, pana kama mkanda wa gari, ilianza bega la kushoto na kushuka kuelekea nyonga ya kulia. Magari yetu usukani uko kulia. Kaa siku moja kiti cha abiria, ufunge mkanda, uangalie unapita wapi.

Nilitaka kumuuliza mambo mia. Yeye aliuliza moja tu.

"Mtoto alikuwa wapi?"

"Nyuma, Shangazi. Wewe mwenyewe ulimweka."

Akatikisa kichwa. Alisema hajui lolote, yeye alilala tu kwa sababu ya uchovu. Halafu akanyoosha mikono apewe mtoto, akamkumbatia upande usiouma, akalia kwa muda mrefu, na alipomaliza ndipo akatuambia jambo ambalo sisi tuliokuwa watoto wakati ule tulidanganywa kuwa lilikuwa malaria.

Alikuwa na binti, mtoto wake wa kwanza. Alipokuwa anampeleka nyumbani kuonyeshwa, jamaa yao mwenye gari zuri alijitolea kuwabeba, na kwa heshima akamweka mbele, mtoto mapajani. Gari halikuwa na mwendo. Liligusa tu lori lililosimama, kuligusa kidogo, wala taa hazikuvunjika. Ule mfuko ukatoka.

"Gari ilitengenezwa wiki ile ile," Shangazi akasema. "Mtoto yangu, hapana."

Athieno alitoka nje akatapika, maana alikuwa amekumbuka kile kiti kilivyokuwa kimeegemea deshibodi tangu Busia.

Sasa muda umepita. Gari lilitengenezwa, lakini manyoya hayakurudi, na kiti cha mbele sijakisogeza tena, kipo pale pale kilipogoma siku ile. Gomesi la Shangazi limefuliwa kwa sabuni za kila aina na ule weupe hautoki. Alama ya kifuani imepoa rangi, ila bado ipo, na baridi ikiingia inamuuma. Yeye bado hukaa nyuma. Mtoto anakimbia na kuvunja vyombo vyangu, naye pia hukaa nyuma, na akililia mbele namwacha alie.

Nimekuwa mgomvi, nakiri. Hapa Busia nikiona mtoto amepakatwa mbele, au kiti cha mtoto mchanga kimefungwa mbele ya ule mfuko, nagonga kioo cha watu nisiowajua. Wananiambia, mama, si tunaenda hapa tu? Wengine wananiita mwenda wazimu. Ule mfuko unatoka kwa kishindo, umewekwa kwa ajili ya mtu mzima aliyefunga mkanda na kukaa nyuma vizuri. Mtoto hauwezi. Heshima ya mtoto ni afike, jamani, afike akiwa mzima nyanya yake amwone.

Kwa hiyo ukiwa njiani, ukamwona mama wa gomesi la kijani lenye vumbi jeupe kifuani, akafungua mlango wako bila salamu na kukuambia mtoto aende nyuma, usibishane naye. Lakini nakusihi, usimngoje. Mhamishe mwenyewe, leo, kabla hujawasha gari. Shangazi yangu amezeeka sasa, na kifua chake ni kimoja.